Kikapu Mlangoni kwa Mama Tshibola

Kanisani kwetu mtu akimkosea mwenzake, hatumwiti mbele. Tunamfuata nyumbani kwake. Akina mama hujaza kikapu, kitunga kama tunavyokiita kwetu, unga wa mahindi na wa muhogo, huweka juu yake fungu la sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wakavu kama wapo, hufunga vitambaa vyeupe kichwani, kisha huenda wakiimba hadi mlangoni kwa aliyekosa. Hapo hunyamaza. Mwenye nyumba akitoka na kukipokea kikapu kwa mikono miwili, yamekwisha. Hakuna anayemuuliza neno. Kupokea ndiko kukiri, na kuleta ndiko kusamehe. Kinachobaki ni kuwasha moto, kupika bukari, ugali wa unga ule ule, na kula, aliyekosa na aliyekosewa wakichovya katika sahani moja.

Niliyaona haya tangu utoto. Niliwaona walevi wakipokea kikapu, na majirani waliogombania mpaka wa bustani, hata mwimbaji wetu mmoja aliyemtukana mama mkwe wake sokoni. Sikuwahi kuona kikapu kikikataliwa. Kwa hiyo siku ile Mama Tshibola alipokataa, tulibaki tumesimama uani kwake bila kujua mikono yetu tuiweke wapi.

Lakini nianze na jinsi tulivyofika pale.

Mwaka ule ndio majina yalipobadilishwa kwa amri ya serikali. Majina ya Ulaya yalikatazwa, na mchungaji aliyempa mtoto jina la namna hiyo angeweza kufungwa. Mimi nilirudi Kolwezi, mji wetu wa mgodi, na diploma ya ualimu kutoka Lubumbashi nikiitwa Fidélie, nikaanza kazi nikiitwa Mbayo, jina la nyanya yangu. Nyumbani na kanisani nilibaki Fidélie, kwa sauti ndogo.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, mwisho wa mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, upande wa barabara ya Mutoshi. Nusu yetu walikuwa watu wa Kasai, nusu walitoka kaskazini ya Katanga kama sisi, na Kiswahili ndicho kilichotuweka benchi moja. Mchungaji wetu, Pasta Kabeya, alikuwa mtu wa Kasai mwenye sauti nene iliyosikika hadi barabarani. Mzee wa kwanza wa kanisa alikuwa baba yangu, Tata Mukalay, karani wa kampuni, mtu wa maneno machache.

Jumapili moja kijana aitwaye Kisimba alimleta mtoto wake wa kwanza kuwekwa mbele ya Bwana. Baba yake Kisimba, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla, aliitwa Louis. Kisimba aliomba jina hilo litamkwe mara moja tu, mle ndani, mtoto alisikie. Kwenye karatasi za serikali angeandikwa jingine. Pasta Kabeya akamwinua mtoto juu ya kichwa chake na kusema, "Louis!" kwa sauti ile yake. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Kesho yake jioni watu wa serikali wakaja kumchukua Pasta.

Hawakumpeleka gerezani. Walimweka kwenye ofisi ya mtaa. Usiku alilala juu ya sementi, mchana alikata majani kando ya barabara, mahali ambapo sisi sote tulipita kwenda sokoni. Tulipita tukitazama chini. Aliporudi alikuwa anakohoa, na sauti ile ilikuwa imekwisha. Ilibaki kama mchakacho wa majani makavu.

Jumapili yake ya kwanza alisimama mbele yetu, mkono mmoja ukishika meza.

"Bandugu," alisema, nasi sote tukainama mbele ili tumsikie. "Mutu mwenye alienda kusema ile jina pa ofisi, simujue. Na sitamutafuta. Mi nimekwisha kumusamehe. Na ninyi mumusamehe." Akakohoa sana, akaketi.

Hapo ndipo swali lilipoingia kichwani mwangu na kukataa kutoka. Unamsameheje mtu usiyemjua? Kikapu chake unakipeleka wapi? Nilikuwa nimesomea ualimu, nimefundishwa kwamba kila swali lina njia yake ya kuliendea, lakini hili sikujua nilishike upande gani.

Mama Ntumba, mke wa Pasta, yeye alijua upande wake. Siku iliyofuata, tulipokuwa tunangoja maji bombani, alisema:

"Pasta anasema hajue. Muzuri. Sasa siye tutapeleka kitunga wapi? Tutaipatia upepo?"

"Upepo haikule bukari," akajibu Mama Kanku, jirani yake, na wote wakacheka.

"Njo vile," Mama Ntumba alikubali. "Lazima tujue ni nani, ili tumusamehe muzuri."

Maneno haya yalionekana ya haki kabisa, na mimi pia nilitikisa kichwa kukubali. Basi akina mama wakaanza kutafuta. Sijawahi kuona upelelezi uliofanywa kwa moyo mwema namna ile. Waliulizana bombani, sokoni, kwenye mazoezi ya nyimbo. Kila mmoja alitaka kumjua mkosaji, na kila mmoja alikuwa tayari ameushika msamaha mkononi.

Kabla ya juma kwisha wakampata. Mama Kanku alikuwa amemwona Mama Tshibola akiingia kwenye ofisi ya mtaa asubuhi ya Jumatatu ile ile Pasta aliyochukuliwa, beseni kichwani, na akitoka akicheka na mlinzi.

Mama Tshibola alikuwa mjane aliyeoka mikate katika pipa lililokatwa katikati na kufunikwa udongo wa kichuguu. Aliuza mikate yake kila mahali palipo na watu wenye njaa, na ofisini watu wana njaa kama kwingine. Lakini alikuwa na ulimi. Aliwahi kumwambia Pasta mbele ya watu, "Mahubiri yako inachelewa kuumuka kuliko unga yangu." Siku ile tulicheka. Sasa watu walilikumbuka neno hilo bila kucheka.

Yeye pia ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Alikuwa akiuoka tangu kanisa lilipokuwa la nyasi, kabla ya Pasta Kabeya kuja, kabla mimi sijajua kusoma. Hakuwa na cheo kingine. Hakuimba vizuri, hakuongoza maombi, lakini mwisho wa kila mwezi mkate ulipovunjwa, ulikuwa wake, na aliketi benchi la pili akiutazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake akisoma shairi mbele ya wageni.

Tulikwenda kwake Jumamosi asubuhi. Mimi niliwekwa nyuma, nikibeba kitabu cha nyimbo. Kikapu alikibeba Mama Ntumba mwenyewe. Tuliimba tangu kona ya barabara, na watoto wakatufuata. Mama Tshibola alitoka akipangusa unga mikononi.

"Jambo, ba mama. Leo ni sikukuu gani?"

Hatukujibu. Desturi haitaki majibu. Mama Ntumba alinyosha kikapu mbele.

Mama Tshibola alikitazama, akatutazama, akakitazama tena. Niliona usoni mwake jinsi lilivyomjia polepole.

"Kitunga? Ya nani?"

"Pokea tu, mama," Mama Kanku alisema kwa upole. "Tumekwisha kukusamehe."

"Munisamehe nini?"

"Hatuulizake, hatusemake. Pokea."

"Ee! Basi mi njo ninauliza. Munisamehe nini?"

Mama Ntumba akazidi kukinyosha kikapu. Mmoja wetu akamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba alionekana akiingia ofisi ya mtaa. Mama Tshibola akacheka kicheko kifupi, kisha uso wake ukabadilika.

"Nilipeleka mikate. Balikula, nikaenda zangu. Mulinzi alisema mikate yangu ni laini kuliko bibi yake ya ndoa, njo nilicheka. Sasa kucheka ni kuuza Pasta?"

"Mama, usifanye moyo nguvu," Mama Ntumba alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Mi mwenye niliteswa juu ya bwana yangu, mi njo nimekuja. Unaona? Sina kasirani. Kamata, tupike, tukule, tumalize. Meza ya Bwana ni juma ijayo. Utapika mukate yako kama kawaida."

"Na nikikatala?"

Mama Ntumba akakishusha kikapu kidogo. "Mutu mwenye kukatala musamaha," alisema, "atapika mukate ya Bwana na mikono gani?"

Mama Tshibola aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa.

"Muache hapo," akasema. "Mi sikamate." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mama Ntumba akakiweka kikapu kizingitini. Kukirudisha nyumbani hakukuwezekana, maana msamaha ukishatoka haurudi. Kukisukuma ndani hakukuwezekana pia. Tukaondoka bila wimbo.

Kikapu kikabaki pale. Siku ya pili kilikuwa pale, na siku ya tatu. Kuku walilipata fungu la sombe kwanza, kisha wakajua mahali pa unga. Wanaume wa zamu ya asubuhi walipita baada ya king'ora cha mgodi wakipunguza mwendo ili kukitazama. Mama Tshibola alikiruka kila alipotoka na beseni lake, akiinua mguu juu kama mtu anayeruka mfereji. Kazi ya kuoka mkate wa Meza ya Bwana akapewa Mama Kanku, na wateja wakapungua. Wengine hawakuogopa chochote. Waliona haya tu kupita juu ya kikapu kile.

Mimi nilikwenda siku ya nne, baada ya shule. Sikutumwa na mtu. Nilitaka kujua. Sikuzoea kuongea na watu wazima bila kuitwa, kwa hiyo nilinunua mkate kwanza, kisha nikasimama bila kuondoka.

"Sema, mwalimu," alisema. "Mukate haikutoshe?"

"Mama, kama haukusema... kwa nini haukukamata tu? Mambo ingeisha."

Aliketi juu ya kigoda chake karibu na pipa. Moto ulikuwa mdogo.

"Nilifikiri vile. Usifikiri sikufikiri. Nikikamata, inaisha leo. Nitapika mukate yangu, batanipenda kupita zamani, batasema, Tshibola amegeuka. Mukate ile, Fidélie, bwana yangu alikufa na mi nilipika. Mutoto yangu alienda mbali, kule Kisenge, bila kuaga, nilipika. Sijue nitaikala pa ile benchi namna gani nikiona mukate ya Kanku." Akachokora makaa. "Lakini kitunga iko na mutu yake. Mi nikikula ile unga, ye atakula nini?"

Sikuelewa, naye aliona kwamba sikuelewa.

"Ule mwenye alisema. Iko pahali moja humu Kolwezi, anapita, anaona ile kitunga. Iko na njala. Nikikamata, inaisha. Hakuna atakayemuletea ingine. Batu banasamehe mara mbili kosa moja? Apana. Atabakia na njala mupaka anakufa."

Nilikuwa nimeusoma msamaha katika vitabu kadhaa, na hakuna kilichosema kwamba mtu anaweza kumlia mwenzake fungu lake la msamaha.

Tulipokuwa tunaongea, Pasta Kabeya akaja. Alikuwa amesikia siku ile tu. Mke wake alikuwa amemficha habari hizo. Alisimama mbele ya kikapu, kofia mkononi, kisha akachuchumaa kando yake polepole kwa sababu ya kifua.

"Mama Tshibola, hii sikuituma."

"Najua, Pasta. Ingekuwa yako ingechelewa kufika."

Pasta alicheka hadi akakohoa, naye Mama Tshibola akaenda haraka kumletea maji. Alipomaliza kunywa akamwomba msamaha kwa ajili ya nyumba yake. Hakumuuliza kama alisema au hakusema. Niliona jambo hilo. Kisha akauweka mkono juu ya ukingo wa kikapu na kuomba kwa mchakacho ule uliobaki.

"Baba, hii kitunga iko na mwenyewe. Unamujua. Umusaidie akuje. Na asichelewe sana, Baba, sababu kuku banamumalizia."

"Amina," akasema Mama Tshibola, na kumfukuza kuku kwa ncha ya kitenge.

Niliporudi nyumbani, baba alikuwa uani akitengeneza baiskeli yake. Alikuwa ameutosa mpira katika beseni la maji na kuukamua sehemu kwa sehemu, akitafuta mahali unapotoa hewa. Nilimpa mkate, nikamweleza nilikotoka. Kwa kawaida baba alisikiliza habari za mtaani akitazama pengine. Siku ile aliacha mpira ukaelea.

"Alisema namna gani, hasa?"

"Nani, Tata?"

"Tshibola. Alisema hataki musamaha, ao alisema ile musamaha si yake?"

"Alisema si yake."

"Na Pasta? Alipoomba, alitaja jina?"

"Apana. Alisema, unamujua."

"Alikuwa na kasirani?"

"Apana, Tata. Aliomba akuje mbio, kabla kuku hazijamaliza."

Baba akarudi kwenye beseni lake. Nilikaa kwenye ngazi nikikata mkate. Kitu fulani kilinisumbua, na kilinichukua muda kukijua. Watu wote wa Kolwezi niliowafahamu walikuwa wakiuliza swali moja: kama si Tshibola, ni nani basi? Wanafunzi wangu waliliuliza. Mwuza mafuta ya taa aliliuliza, na yeye si mtu wa kanisa. Baba alikuwa ameuliza maneno, sauti, hasira, kila kitu kinachozunguka swali lile. Lenyewe hakuligusa.

Nililisema kabla ya kufikiri, kama ninavyofanya darasani ninapopata jibu la hesabu.

"Tata, batu bote banauliza ni nani. Weye haujauliza."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Mutu anaulizaka kitu hajue," alisema.

Nikashika kipande changu cha mkate. Mbali, upande wa mgodi, magari makubwa yalikuwa yanapanda, na mlio wao ulikuja na kuondoka. Nilitamani kuwa nimekwenda mahali popote pengine.

Alisema bila kunitazama. Jumatatu ile mkubwa wa mtaa alipita ofisini kwao kwenye kampuni kwa kazi nyingine kabisa, akamuuliza, kama watu wanavyoulizana, jana kanisani mlisali vizuri? "Swali moja tu, Fide. Ningesema, tulisali muzuri, ingeisha. Niliulizwa moja, nikajibu mbili."

"Kwa nini, Tata?"

"Mi njo nilimufundisha Kisimba. Miaka yote. Mimi njo nilimubatizisha, mi njo nilimutafutia bibi." Alikamua mpira, mapovu yakatoka, lakini hakuyaona. "Mwenye kumufundisha baba, njo anainuaka mutoto. Ile ni desturi yetu tangu tulianza, na tulianza humu mu lupango yangu, pa hii nyumba. Siku ile nilikuwa nimevaa abakosti mupya. Nilisimama. Kisimba akapita mbele yangu na mutoto, akamupatia Pasta. Sababu ya sauti. Alitaka ile sauti iseme jina ya baba yake." Akaugeuza mpira. "Na aliisema muzuri. Hata mi nilisikia muzuri."

Hakulia. Ningefurahi kama angelia, maana ningejua la kufanya.

"Sikujua batamukamata," alisema. Kisha, baada ya muda: "Apana. Nilijua kidogo."

Nilielewa alichokuwa anakipima. Uzee wa kanisa ulikuwa kila kitu chake. Na zaidi ya huo, siku zote zile Pasta alipokuwa anakata majani, baba ndiye aliyekwenda kwa Mama Ntumba kila jioni, akimpelekea kuni na kuomba pamoja naye. Mama Ntumba alimsifu mbele ya kanisa zima. Nilifikiri juu ya jioni zile na sikuweza kuzipanga popote kichwani mwangu.

Sikumwambia aende. Mimi si mtu wa kumwambia baba aende. Nilisema tu neno lililokuwa karibu na mdomo.

"Unga inapunguka, Tata."

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa meusi upande wa Mutoshi. Baba alivaa abakosti yake, koti la heshima lisilo na tai, na kuifunga hadi shingoni, akatoka kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali kidogo. Alipita barabara kuu, mahali ambapo kila mtu aliweza kumwona. Kwa Mama Tshibola wanawake wawili walikuwa wakinunua mikate, mmoja wao Mama Kanku, aliyekuja kuchungua jinsi pipa linavyofanya kazi, kwa kuwa kesho yake yeye ndiye angeoka.

Baba akainama, akaondoa jani moja lililoanguka juu ya unga, akakinyanyua kikapu kwa mikono miwili.

Desturi haitaki maswali. Lakini Mama Tshibola hakuwa mtu wa desturi tu.

"Tata Mukalay, hiyo kitunga unapeleka wapi?"

"Popote utasema tupikie," baba akajibu. "Ni yangu."

Mkate ukamponyoka Mama Kanku mkononi. Mama Tshibola alimtazama baba kwa muda mrefu, na mimi nilishika ukingo wa kitenge changu. Alikuwa na haki ya kusema lolote. Alikuwa ameruka kikapu kile juma zima.

"Ingia basi," alisema. "Mvua iko karibu. Na hii unga imekuwa nusu muchanga, itabidi kuichekecha. Fidélie, usisimame pale kama nguzo ya umeme. Leta chekeche. Kanku, weye uko na miguu ya kupeleka habari: kimbia uite Pasta na bibi yake, leo habari ni ya kweli."

Pasta alifika kwanza. Alipomwona baba ameketi sakafuni, kikapu magotini, alisimama mlangoni, akashusha pumzi, akaingia na kuketi karibu naye, bega kwa bega. Akauweka mkono juu ya ukingo wa kikapu. Sijui kama alikuwa amejua. Nimejiuliza mara nyingi, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza.

Mama Ntumba hakuvuka kizingiti.

"Weye?" alisema. "Tata Mukalay, ni weye?"

"Ni mi, mama."

"Ulikuwa unakuja kwangu. Kila magaribi. Uliniletea kuni. Ulinishika mukono tukaomba Mungu aregeshe bwana yangu."

"Ile nayo ilikuwa kweli," baba alisema. "Niliomba kweli. Njo ilikuwa inaniua."

"Mi kitunga nilileta ya Tshibola." Sauti yake ilipanda. "Ya huyu sikuileta! Tshibola tulimusamehe, ndiyo, Tshibola..." Akakwama hapo, kwa sababu alisikia mwenyewe alichokuwa anakisema. Kumsamehe Tshibola kulikuwa kumemgharimu unga tu.

"Malizia, mama," akasema Mama Tshibola kutoka jikoni, akisonga bukari. "Tshibola alikuwa rahisi. Sina kinyongo, lakini kitunga yangu mutaleta. Mupya. Na samaki ikuwe mukubwa, si kama hii kitunga kuku bamemaliza."

Mama Kanku akaanza kucheka, akajizuia, akaanza kulia. Alimwendea Mama Tshibola na kumshika mkono wenye mwiko. Akamwambia kwamba yeye mikate haijui, kwamba jana alijaribu ikawa kama matofali, na kwamba kesho asiachwe aibike mbele ya Bwana. Mama Tshibola akamwambia aje alfajiri akande, aone unavyokandwa. Nami nikaona mabega ya Mama Tshibola yakishuka, kama ya mtu aliyetua beseni baada ya mwendo mrefu.

Mvua ilikuwa imeanza. Bukari ikawekwa katikati na sahani ya mchuzi, na mchanga bado ulisikika kidogo menoni. Pasta akamega, akachovya, akamsogezea baba sahani. Baba akachovya. Mchuzi ukamwagika juu ya abakosti, naye hakuupangusa. Alisema kesho atakaa nyuma, karibu na mlango, mpaka kanisa litakapoona vingine. Pasta akasema, "Tutaona." Kisha akamgeukia mke wake, ambaye sasa alikuwa ameingia kwa sababu ya mvua, ameketi karibu na mlango na kutazama ukuta.

"Ntumba, utuombee."

"Mi leo siwezi."

"Omba ile yenye Bwana alitupatia. Ile haiulize kama unaweza."

Mama Ntumba aligeuka kutoka ukutani. Kisha akaanza, kwa haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali pabaya kabla hajafikiri. Tukainamisha vichwa. Akasema jina litukuzwe, ufalme uje, utupatie leo mkate wetu. Akasema, "Utusamehe makosa yetu, kama siye..." akasimama.

Hakuna aliyemsaidia. Sote tuliyajua maneno yanayofuata. Hata watoto waliochungulia dirishani waliyajua. Pasta alikuwa na midomo wazi, akaifunga. Nilifungua macho, jambo ambalo nilifundishwa nisifanye wakati wa sala, maana nilitaka sana kuona. Mama Ntumba alikuwa akimtazama baba. Baba alikuwa akitazama mikono yake. Mvua ilipiga mabati, maji yakaanza kupita chini ya mlango, na hakuna aliyeinuka kuyazuia.

Sijui ilichukua muda gani. Niliona Mama Ntumba akipangusa maji ya mvua mikononi, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Kama siye," alisema, "tunabasamehe benye kutukosea." Alilisema neno kwa neno, polepole, akisimama baada ya kila moja kama mtu anayepanda ngazi na ndoo iliyojaa. Hakuwa na machozi safari hii. Hakusema amina, alisogea tu kutoka mlangoni, akanyosha mkono juu ya sahani, na akala.